Kama Ladha ni Ile Ile, Mmebadilisha Nini?

Mtu akikwambia "sura mpya, ladha ile ile", shika mfuko wako. Ingekuwa kweli ladha ni ile ile, asingekumbuka hata kuitaja. Mimi siku ya mshahara sifiki nyumbani nikamwambia mama watoto "mshahara ni ule ule" bila kuulizwa. Siku nikisema hivyo, ajue umekatwa.

Sasa ndivyo watu wa kiwanda walivyotufanyia kwenye bia nyeusi. Hizi za njano wala sizizungumzii, hizo wazibadilishe hata kila Ijumaa, wanywaji wake hawatajua, maana wao wanachotafuta ni baridi na kelele. Nazungumzia stauti. Bia ya watu waliotulia. Bia ambayo ukiimimina inabidi uisubiri, na katika kuisubiri unapata muda wa kujiuliza kwa nini umeoa mapema. Hiyo ndiyo wameigusa.

Walianza na lebo. Lebo ya zamani ilikuwa na maandishi mengi kuliko hati ya kiwanja, na hakuna aliyewahi kuyasoma, lakini tulijua yapo. Wameyafuta. Wameacha uwazi mkubwa na neno moja katikati, wanaita usasa. Tukasema sawa, lebo hainyweki. Kisha wakaja kwenye chupa. Ile fupi yenye mabega, unayoishika ukajua umeshika kitu, imekwenda. Iliyokuja ni ndefu, imebana kiuno, na ukiziweka pamoja mpya inaonekana kubwa. Inaonekana. Nikawasha tochi ya simu, nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi ya kule nyuma chini kabisa yaliyoandikwa kwa ajili ya sisimizi. Mhudumu akaja mbio akidhani nimeona nzi. Nikamwambia dada yangu, afadhali ningeona nzi. Mililita zimepungua. Na asilimia ya kilevi, namba ambayo watu wa meza yetu wanaijua kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wao, nayo imeshuka. Nusu asilimia tu, wanasema. Basi kama ni nusu tu, si mngeiongeza?

Na msinifanye mtoto, sababu naijua. Kodi. Kuna nchi bia inatozwa kufuata makali yake, ikipungua makali na kodi inapungua. Uingereza walibadilisha utaratibu wao Agosti 2023, kila kinywaji kikawa kinatozwa kulingana na kilevi kilichomo, na bia iliyo chini ya asilimia 3.5 ikapata nafuu. Ajabu ya Mungu, bia kadhaa zilizokuwa zimesimama juu ya mstari huo zikaamka zina asilimia 3.4! Hazikuumwa, hazikufiwa, zimekonda tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nako huko huko Uingereza bia ilipunguzwa makali kwa shinikizo la serikali, nafaka iokolewe kwa ajili ya mikate. Hapo sina neno. Lakini sisi, huo mkate tuliopunguziwa bia kwa ajili yake uko wapi?

Habari ilipofika mezani ikawa msiba. Mzee wetu, ambaye hunywa taratibu mpaka povu linaacha mistari kwenye glasi, unaweza kuhesabu mafunda yake kwa macho, alisema yeye hana la kusema. Kisha akalisema mpaka mhudumu akaanza kupandisha viti juu ya meza. Fundi akadai ni maji, wamebadilisha maji. Fundi kila kitu kwake ni maji. Hata gari likigoma anaanza na rejeta. Shemeji akasema hapana, shayiri siku hizi haiungui vizuri, vijana wa kiwandani wanaitoa motoni mapema wawahi mpira. Na yule jamaa wa pembeni, ambaye si wa meza yetu lakini kiti chake huwa kinasogea chenyewe, akasema yeye aliigundua mapema sana, ulimi wake haudanganywi, hata hii aliyoshika anausikia upungufu kabisa. Tukaitazama aliyoshika. Ilikuwa chupa ya zamani.

Ikabidi tufanye jaribio. Shemeji alikuwa amehifadhi chupa za zamani chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo, mahali ambapo hata dada yetu hafagii. Tukamimina ya zamani glasi moja, mpya glasi nyingine, mhudumu peke yake ndiye anayejua ipi ni ipi. Mzee akaanza. Akanusa. Akafumba macho. Akapiga funda, akalizungusha, akalimeza, akashika glasi kwa mikono miwili akasema, "Hii hapa. Hii ndiyo iliyonilea." Ilikuwa mpya. Mzee akasema glasi haikuoshwa vizuri. Fundi alipoonja alitangaza kwamba zote mbili ni mpya, na zile za chini ya kitanda zimechakachuliwa, ikawa kidogo wapigane na Shemeji. Shemeji mwenyewe alizimaliza glasi zote mbili akasema hajapata picha kamili, tuanze upya. Walipofika kwangu nilikataa. Nilikuwa na mafua. Yalinianza pale pale.

Hapo ndipo Kijana akaingilia. Kila meza ya wazee ina kijana mmoja ambaye hanywi kitu cha maana ila ana simu yenye chaji. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Hiyo asili mnayoililia, ni asili ya mwaka gani?"

Tukamwambia asili haina mwaka. Yeye akafungua simu. Akasema bia hizi nyeusi zimetokana na pota, bia ya London ya karne ya 18, na siku hizo ilitengenezwa kwa kimea cha kahawia. Mwaka 1817 mtu mmoja, Daniel Wheeler, akasajili hataza ya mtambo wa kukaanga kimea kwenye pipa linalozunguka mpaka kiwe cheusi tititi bila kushika moto. Tangu hapo kiwanda kikawa kinaweza kutumia kimea cheupe, cha bei nafuu kwa kazi kinayoifanya, kikatupia kidogo cha cheusi kwa ajili ya rangi na uchungu. Ina maana huo weusi wenyewe tunaouapia ni ubunifu wa kubana matumizi. Na si weusi kamili, inua glasi kwenye taa. Tukainua. Nyekundu. Nyekundu ya kuiva, kule chini ya glasi ambako mwanga unapenya. Miaka yote hii nasema mimi mtu wa bia nyeusi!

Akaja kwenye povu. Jamani, povu. Mzee ana imani zake nyingi lakini hakuna anayoishikilia kama lile povu zito la bia ya bomba, lile jeupe la krimu linalobaki mpaka mwisho. Huliita povu la mababu. Kijana akasema: kampuni ya Guinness ya Dublin ilianza 1759, Arthur Guinness alipopanga kiwanda kwa mkataba wa miaka 9,000 (huyo alikuwa mtu wa kupanga mambo, wenye nyumba wetu wangezimia). Povu hilo lakini halikuwepo. Bia ilikuwa inatolewa kwenye mapipa, moja la bia changa yenye nguvu ya kuumuka na jingine la bia iliyotulia, na muuzaji anachanganya kwa mkono mpaka apate anachotaka. Mwaka 1959, kampuni ikiwa na miaka 200, ndipo wakaleta bia ya bomba inayosukumwa kwa naitrojeni. Kazi hiyo iliongozwa na Michael Ash. Na huyo Ash, kwa elimu yake, alikuwa mtu wa hisabati.

"Mwalimu wa hesabu?" Mzee akauliza.

Mwanahisabati. Aliona kwamba naitrojeni haiyeyuki kirahisi kwenye bia, kwa hiyo viputo vyake ni vidogo sana na povu linakuwa laini, tena haichomi ulimi kwa ule uchachu unaoletwa na kabonidayoksaidi. Hata wenzake kazini waliukejeli mradi wake. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mzee wetu amezaliwa kabla ya 1959. Kwa umri, povu la mababu ndilo linalotakiwa kumwamkia Mzee shikamoo.

Mzee alikaa kimya mpaka tukamwonea huruma. Halafu akauliza swali ambalo Kijana hakuwa nalo kwenye simu: "Na waliokuwa wanakunywa 1958, nani aliwauliza?"

Hilo ndilo neno! Mimi nampigia makofi hadi leo. Kwa sababu wapo mahali fulani watu waliokuwa na meza yao, na mapipa yao mawili, na muuzaji wao anayejua kuchanganya, akaja mtu na silinda ya gesi akawaambia ladha ni ile ile. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaingiza na kijidude cha plastiki ndani ya kopo ili litoe povu la bomba nyumbani. Fundi alipolisikia kwa mara ya kwanza likigonga ndani ya kopo tupu alilirudisha kaunta, anataka kopo lenye vifaa kamili.

Kijana angeishia hapo tungemsamehe. Akagusa samaki. Kumbe bia nyingi za zamani zilikuwa zinasafishwa kwa kitu kinachotokana na kibofu cha hewa cha samaki; hamira inakigandia, inazama chini, bia inabaki safi. Guinness nao walikitumia, mpaka mwaka 2015 walipotangaza kwamba wataachana nacho, ili hata wasiogusa kitu chochote cha mnyama wanywe kwa amani. Meza ikanyamaza. Fundi akaweka glasi chini polepole akasema, "Ndicho kilichokosekana."

Samaki. Ghafla kila mtu akamkumbuka samaki. Shemeji akasema yeye siku zote alikuwa anasikia kitu kwa mbali, alikosa jina lake tu. Jamaa wa pembeni akasema ulimi wake haudanganywi. Kwamba kiwanda chetu si hicho cha Dublin, na huenda hakijawahi kuona hata dagaa, halikumzuia mtu. Barua iliandikwa pale pale nyuma ya bili: tunataka chupa yetu, tunataka asilimia yetu, na samaki arudishwe.

Majibu hayajaja. Kilichokuja ni friji mpya yenye namba zinazowaka, inajisifu kwamba karibu inagandisha. Hili nalo linanichefua. Baridi kali inaua ulimi, ule uchungu wa kuungua na harufu ya kahawa vyote vinalala. Anayekupa stauti ya barafu ana kitu hataki ukionje. Mzee anaagiza ya moto, yaani isiyoingia kwenye friji kabisa, na binti wa kaunta anacheka. Anamletea lakini, na kitambaa.

Kuhusu ile imani kwamba bia nyeusi inaongeza damu sitaki hata kuanza. Matangazo ya Guinness ya mwaka 1929 kule Uingereza yalisema bia hiyo inakufaa, leo wenyewe hawathubutu kulitamka, na Kijana anasema madini ya chuma yaliyomo ni chembe tu, na uzito unaousikia mdomoni ni povu, wala si chakula. Mzee akamwomba aizime simu. Kwa adabu, lakini akamwomba.

Tukafikia uamuzi wa kugoma. Hakuna mtu wa meza yetu kugusa stauti mpaka tusikilizwe. Mgomo ulianza vizuri, kila mtu na bia yake ya njano, sura zimetulia kwa uchungu wa kishujaa. Shida ikaja kwenye tafsiri ya sheria. Shemeji akauliza kama ile stauti isiyo na kilevi, ya sifuri, nayo imo kwenye mgomo. Tukajadili. Haina kilevi, kwa hiyo si bia. Si bia, kwa hiyo haijagomewa. Ikapita bila kupingwa. Lakini Fundi alikuwa nje anapokea simu wakati wa mjadala, aliporudi akakuta chupa nyeusi mezani, akajua mgomo umevunjika, akaagiza yake, akaletewa sifuri, hakusoma lebo. Nani anasoma lebo?

Akanywa jioni nzima. Ya pili ikamlegeza mabega. Ya tatu akaimba. Baadaye akamlilia marehemu baba yake, akamkumbatia jamaa wa pembeni, akasema hii sasa ndiyo yenyewe, makali yamerudi, kiwanda kimesikia kilio. Kisha akanigeukia mimi, macho yamejaa maji, akasema mbele ya mashahidi kwamba lile deni langu la tangu mwaka jana amelisamehe lote, sisi ni ndugu. Nikampigia mhudumu ishara asiwashe taa ya juu. Nikamwagizia nyingine haraka.

Shemeji, ambaye kifua chake hakijawahi kukaa na siri, akachukua chupa akamsomea lebo kwa sauti. Fundi akajifuta machozi, akakaa wima, akaniuliza nitalipa lini.