Usomaji wa jedwali zima unaonewa

Mtu akiandika EXPLAIN, amri ya kuonyesha jinsi swali litakavyojibiwa, mbele ya swali lake la hifadhidata ya PostgreSQL na kuona maneno Seq Scan, yaani jedwali zima litasomwa, mara nyingi hasomi zaidi. Anakimbilia CREATE INDEX, amri ya kuunda faharasa, ile orodha inayoonyesha rekodi ipi iko wapi. Faharasa ikishakuwepo na maneno yaleyale yakarudi, anaamua kwamba kipangaji, yaani ile sehemu ya hifadhidata inayochagua njia ya kulijibu swali, kimekosea, na anatafuta namna ya kukilazimisha. Nami nimewahi kukilazimisha, kwa SET enable_seqscan = off, inayokiepusha na usomaji wa jedwali zima, swali likachelewa kuliko mwanzo. Ndipo nikakaa chini kupiga hesabu.

Sifa za faharasa hazina ubishi. Kwa mti wa B, muundo wa kawaida wa faharasa, rekodi moja kati ya milioni 10 hupatikana kwa kushuka ngazi tatu hivi. Anayemtafuta mteja kwa namba yake, au anayetaka rekodi 20 za mwisho kwa tarehe, hana sababu ya kugusa jedwali zima.

Ubishi unaanza swali linapotaka rekodi nyingi. Chukua jedwali la miamala milioni 10. PostgreSQL huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 8; tuseme kila ukurasa umebeba rekodi 100, basi jedwali ni kurasa 100,000. Unataka miamala ambayo hali yake ni "inasubiri", nayo ni asilimia 5 ya yote, imetawanyika ovyo. Asilimia 5 inasikika ndogo. Lakini uwezekano wa ukurasa kukosa hata muamala mmoja unaosubiri ni 0.95 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 100, na jibu lake ni takriban 0.006. Kati ya kila kurasa 100, zaidi ya 99 zina kitu unachokitaka! Faharasa itakupitisha karibu jedwali zima, tena kwa safari 500,000 za kurukaruka, ukirudi ukurasa uleule mara tano kwa wastani. Kitabu ambacho faharasa yake inasema neno lako liko ukurasa wa 1, 2, 3, 4, 5, 6, na kuendelea hivyo hadi mwisho, utakifungua mwanzo na kukisoma.

Shusha hadi asilimia 1. Kurasa 63 kati ya 100 bado zinaguswa. Natamani kila anayeandika SQL, lugha ya maswali haya, aipige hesabu hii kwa mkono wake walau mara moja, kwa sababu sisi tunahesabu rekodi ilhali diski inahesabu kurasa, na kosa lote limejificha hapo. Ni kwenye asilimia 0.1 ndipo kurasa zinazoguswa zinashuka chini ya 10 kati ya 100, na faharasa inashinda waziwazi.

Ipo njia ya kati, iliyoingia na toleo la 8.1 mwaka 2005: usomaji kwa ramani ya biti. Faharasa husomwa kwanza, kurasa zinazohitajika zikawekewa alama, kisha zikatembelewa kwa mpangilio, kila moja mara moja. Ni kazi nzuri, na inaondoa kule kurudiarudia. Lakini haipunguzi idadi ya kurasa. Kwenye asilimia 5 bado utazipitia karibu zote.

Wapinzani wana hoja moja nzito, nayo ni diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka. Kipimo cha random_page_cost huja kikiwa 4.0, yaani kusoma ukurasa kwa kuruka kunahesabiwa ghali mara nne kuliko kwa mfululizo. Thamani hiyo iliwekwa kwa kufikiria diski za kuzunguka. Kwenye SSD wengi hukishusha hadi 1.1, na wana haki: kukiacha palepale ni kukidanganya kipangaji. Tena mtawanyiko si wa lazima. Rekodi zilizoingizwa kwa mfuatano wa tarehe zimekaa jirani, na faharasa ya tarehe itazikuta pamoja hata zikiwa nyingi. Hata hivyo, kuruka kukiwa bei moja na kufuata mstari, safari 500,000 zinabaki mara tano ya kurasa 100,000.

Kuna pia usomaji wa faharasa peke yake, uliokuja na toleo la 9.2 mwaka 2012. Kama kila unachokiuliza kimo ndani ya faharasa, jedwali halina haja ya kuguswa na hesabu yangu inaanguka. Ila ukurasa uliobadilishwa karibuni lazima utazamwe mpaka VACUUM, kazi ya usafi wa hifadhidata, ipite, na jedwali la miamala inayobadilika hali kila dakika ndilo lenye kurasa nyingi za namna hiyo. Faharasa hiyohiyo inagharimu pia kila rekodi mpya inapoingia, liwepo swali la kuitumia au lisiwepo.

Kipangaji hukosea kweli, lakini kosa lake mara nyingi liko kwenye idadi. EXPLAIN ANALYZE huonyesha rekodi zilizokadiriwa na zilizopatikana. Kikitegemea 500,000 zikaja 300, huenda takwimu zake zimechakaa: endesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu upya, juu ya jedwali kabla ya kugusa kitu kingine. Zikikaribiana, random_page_cost inaendana na diski yako, na bado kimechagua kusoma jedwali zima, mimi hukiacha kisome.