Gianna Nannini hakuanza mwaka 1990
Makala ninayoijibu hapa imemweleza Gianna Nannini, mwimbaji wa rock wa Italia, kana kwamba safari yake ya muziki ilianza na kuishia kwenye wimbo wa Kombe la Dunia la mwaka 1990, alioimba pamoja na mwimbaji mwenzake Edoardo Bennato kwa muziki wa mtunzi Giorgio Moroder. Mzaliwa huyo wa mji wa Siena alikuwa amekwisha kujijengea jina tangu mwaka 1979, ilipotoka albamu ya California yenye wimbo America, uliozungumzia matamanio ya mwili kwa uwazi ambao Waitaliano wengi hawakuuzoea kutoka kwa mwanamke. Baadaye alifanya kazi na mtayarishaji Mjerumani Conny Plank, na nyimbo kama Fotoromanza ya mwaka 1984 na Bello e impossibile ya mwaka 1986 zilipendwa hata Ujerumani, Austria na Uswisi. Ninachokithamini zaidi, na ambacho makala haikukigusa kabisa, ni sauti yake yenye mikwaruzo, ambayo hakukubali kuilainisha ili ipendeze redioni. Ni sauti hiyohiyo iliyomrudisha kileleni nchini Italia mwaka 2006 kwa albamu ya Grazie, akiwa tayari amefikia umri wa miaka 50.