Dripu ya Alzheimer: kitini ni saa moja, hatari ni miezi

Lecanemab, dawa ya Alzheimer inayouzwa kwa jina la Leqembi, ilipata kibali kamili Marekani Julai 2023. Mgonjwa anakaa kitini, anatundikiwa dripu ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, na baada ya saa moja hivi dripu imekwisha. Wiki mbili baadaye anarudi. Donanemab, iliyoidhinishwa huko 2024, hutolewa kila wiki nne. Zote mbili zinaondoa protini ya amiloidi iliyojikusanya kwenye ubongo, na zote ni za walio mwanzoni mwa ugonjwa tu.

Wanaozitetea wana hoja. Katika jaribio la watu 1,795 lililochukua miezi 18, waliopewa lecanemab walizorota polepole zaidi, kwa asilimia 27, kuliko waliotundikiwa dripu isiyo na dawa. Wapinzani wanaichukua tofauti hiyohiyo na kuihesabu kwa alama: kwenye kipimo cha alama 18 cha kumbukumbu na shughuli za kila siku, ilikuwa 0.45. NICE, taasisi ya Uingereza inayopima kama dawa inastahili bei yake, ilisema Juni 2025 kwamba faida ni ndogo mno kwa gharama hiyo, na ndani ya gharama ilijumlisha kazi ya kutoa dripu na kumfuatilia mgonjwa. Kwangu pande zote mbili zinasema kweli, kwa hiyo mabishano hayo hayanisaidii kuamua. Nauliza jambo jingine: nani atakuwa na mgonjwa siku ya kumi baada ya dripu?

Maana kitini penyewe hapatishi sana. Mmoja kati ya wanne hivi kwenye jaribio lile alipata homa, kutetemeka au maumivu ya mwili, mara nyingi kwenye dripu ya kwanza. Muuguzi anapunguza mwendo wa dripu au anaifunga, anatoa parasetamoli au dawa ya mzio, na kwa kawaida hali inatulia.

Kinachotisha zaidi ni ARIA: ubongo kuvimba au kuvuja damu amiloidi inapoondolewa. Uvimbe uliwapata asilimia 12.6, na wengi wao hawakuhisi lolote. Picha ya MRI ndiyo iliyouonyesha. Ndiyo maana ratiba ya MRI haifai kurukwa: kabla ya kuanza, kisha kabla ya dripu ya tatu, ya tano, ya saba na ya kumi na nne. Hiyo ya kabla ya tatu iliongezwa Marekani Agosti 2025, baada ya kuchunguzwa vifo vilivyotokea mapema katika matibabu.

Halafu kuna urithi. Waliopata jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, kwa baba na kwa mama pia, karibu theluthi yao walivimba ubongo. Ulaya imewazuia kutumia dawa hii. Marekani inawaachia waamue na daktari wao. Hapo niko na Ulaya. Kumtwika uamuzi huo mtu ambaye kumbukumbu yake imeanza kuyumba si kumheshimu sana kama inavyodaiwa.

Shida ni kwamba ARIA hujifanya kiharusi: kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, mtu anachanganyikiwa au anapepesuka. Mgonjwa mmoja wa miaka 65 aliyekuwa akipata lecanemab alifikishwa hospitali na dalili za kiharusi, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama ilivyo kawaida. Damu ikavuja sehemu nyingi za ubongo, akafa. Madaktari waliandika kisa hicho mwaka 2023. Tangu hapo wagonjwa wanashauriwa kutembea na kadi inayotaja dawa yao, lakini kadi iliyo kwenye pochi inahitaji mtu wa kuitoa na kumwonyesha daktari wa zamu.

Familia zetu zilizoko ughaibuni zina jingine la kuangalia: safari. Mzee aliyeanza dripu Minneapolis akitaka kwenda likizo Mombasa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ningeahirisha tiketi. Uvimbe mwingi hutokea kipindi hicho, na daktari wa dharura atakayempokea huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa dawa hii.

Kwa mzee asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiye na jeni zile mbili, anayeishi na mtu wa kumpigia kliniki simu usiku kichwa kikianza kuuma, ningesema ajaribu. Anayeishi peke yake ningemshauri aikatae, hata kama bima inalipa yote.