Dereva Anayezima Mlio wa Mwendo Si Lazima Awe Mpenda Mwendokasi

Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima liwe na ISA, mfumo unaotambua kikomo cha mwendo cha barabara na kumtahadharisha dereva anapokizidi. Gari husoma vibao kwa kamera, au hutazama ramani iliyomo ndani yake, au hutumia vyote viwili. Likiona umezidi, hupiga mlio, au hutetemesha pedali ya mafuta, au huisukuma irudi juu, kutegemea mtengenezaji alichagua njia ipi. Dereva akiamua kukanyaga zaidi, mfumo humwachia. Anaweza hata kuuzima kabisa, ila atakapowasha gari safari nyingine, nao unawaka.

Ugomvi wote uko kwenye kitufe cha kuzimia. Mtandaoni zimejaa video zinazomwonyesha mwenye gari, aina moja baada ya nyingine, abonyeze wapi ili mlio unyamaze. Watetezi wa usalama barabarani wakiziona huhitimisha haraka: hawa ni watu wanaotaka kukimbia, na teknolojia imewabana. Wamo watu wa namna hiyo, bila shaka. Lakini ukisikiliza malalamiko yenyewe, mengi hayasemi "niacheni nikimbie". Yanasema "gari langu linanipigia kelele nikiwa ndani ya sheria". Hayo ni malalamiko tofauti kabisa, na yanastahili jibu lake.

Nianze na upande wa mfumo, maana hoja yake ni nzito. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali zenye vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 kuliko anayegongwa na lililo kwenye 50. Tofauti ya kilomita 15 dereva huweza asiihisi hata kidogo, hasa katika magari ya leo ambayo injini haisikiki. Baraza la Usalama wa Usafiri la Ulaya, ETSC, limekuwa likikadiria kwamba ISA ikienea inaweza kupunguza migongano kwa asilimia 30 na vifo kwa asilimia 20. Hata ukiyakata makadirio hayo nusu, wanaobaki hai ni wengi mno kubezwa na mtu anayeudhiwa na kelele. Hilo nalikubali lote.

Ila makadirio ya namna hiyo hayana kazi katika gari ambalo mlio umezimwa. Na unazimwa kwa sababu gani?

Kanuni ya Tume ya Ulaya ya mwaka 2021 iliyoweka masharti ya kiufundi ya ISA inataka mfumo utambue kikomo sahihi kwa angalau asilimia 90 ya umbali wa safari ya majaribio. Asilimia 90 inasikika vizuri. Mwanafunzi akiipata nyumbani wanashangilia. Lakini tuihesabu barabarani. Katika safari ya kilomita 400, asilimia 10 ni kilomita 40 ambazo gari linaruhusiwa kuwa limekosea. Makosa haya kwa kawaida hayaji kwa mkupuo mmoja wa kilomita 40. Huja vipande vipande: mita mia mbili hapa baada ya njia ya kutokea, mita mia tatu pale kijiji kinapoanza. Tukichukua kila kosa kuwa la mita 200, kilomita 40 hizo ni makosa 200 katika safari moja, na gari bado limefaulu mtihani. Magari mengi hufanya vizuri zaidi ya hapo, na si kila kosa hupiga mlio, kwa kuwa mengine ni ya kudhani kikomo ni cha juu kuliko kilivyo. Basi tuseme robo tu ndiyo hulia. Bado dereva anatuhumiwa bure mara 50 kati ya asubuhi na jioni.

Angalia pia kosa la upande wa pili, lile lisilolia. Gari linalodhani umo kwenye 80 wakati umeshaingia kwenye 50 hukaa kimya, na dereva aliyezoea kuonywa huuchukua ukimya huo kuwa ruhusa. Hilo halimuudhi mtu, kwa hiyo halilalamikiwi, na kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi. Tena hutokea pale pale mwendo unapobadilika: mwanzo wa kijiji, mbele ya shule, kwenye matengenezo ya barabara. Kwenye barabara kuu ndefu yenye kikomo kimoja, karibu kila mfumo hupata. Asilimia inayopimwa kwa umbali huubeba unyoofu wa barabara kuu na kuzificha zile mita chache ambamo mtoto anavuka.

Anayeona kosa hili kuwa la kiufundi tu, litakaloisha kamera zikiboreshwa, aangalie jinsi vikomo vyenyewe vinavyoishi. Ufaransa, Julai 2018, ilishusha kikomo kutoka 90 hadi 80 kwenye barabara za vijijini za pande mbili zisizo na kitenganishi katikati. Mwishoni mwa 2019 sheria nyingine ikaziruhusu wilaya kubwa za nchi hiyo kurudisha 90 zinapoona inafaa. Baadhi zikarudisha, nyingine zikakataa, nyingine zikarudisha kwenye barabara kadhaa tu. Wales, tarehe 17 Septemba 2023, iligeuza kikomo cha kawaida cha mitaa ya makazi kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa, nchi nzima kwa siku moja, kisha mwaka uliofuata halmashauri zikaanza kuchambua mitaa ipi irudi 30. Barabara ya mzunguko ya Paris ilishuka kutoka 70 hadi 50 mwezi Oktoba 2024. Uholanzi tangu Machi 2020 ina barabara kuu zenye 100 mchana na zaidi ya hapo usiku, kwa hiyo jibu sahihi saa 12:50 jioni si sahihi saa 1:10. Ramani iliyopakiwa kwenye gari kiwandani inawezaje kujua haya yote bila mtu kuipelekea habari?

Kamera nayo ina mipaka yake. Ujerumani, kuingia mjini hutangazwa na kibao cha njano chenye jina la mji. Jina hilo tu ndilo linalokuambia kwamba sasa ni 50, namba haipo. Kuna vibao vya 80 vyenye kibao kidogo chini kinachosema ni wakati wa mvua tu, au ni usiku tu. Kuna kibao cha 60 cha njia ya kutokea ambacho kamera ya gari linalopita moja kwa moja hukiona vizuri kuliko chake. Na kuna malori na mabasi yenye duara la 80 au 100 limebandikwa nyuma, likiwa ni mwendo wa juu wa chombo hicho, nawe uliye nyuma yake gari lako linalisoma kuwa sheria yako.

Hapo watetezi hujibu: kibao cha barabarani ndicho sheria, dereva ndiye mwenye wajibu, mfumo ni mshauri tu. Kisheria wako sahihi. Ila jibu hilo linamtaka dereva afanye kazi mbili: asome kibao mwenyewe kama zamani, kisha aamue kila mara kama gari limesoma sawa. Mbwa anayembwekea kila mpita njia humfundisha mwenye nyumba kulala fofofo, na siku mwizi akija hali huwa ni ile ile. Mtu aliyepigiwa mlio wa uongo wiki nzima hana sababu ya kuuamini wa Ijumaa, hata kama wa Ijumaa ni wa kweli.

Tena "mshauri tu" si maelezo kamili. Magari mengi yameunganisha kikomo kilichosomwa na mfumo wa kushikilia mwendo, gari likajipunguza au kujiongeza lenyewe kufuata namba hiyo. Ramani ikidhani uko kwenye barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu, gari lililo kwenye 120 linaweza kuanza kujipunguza kuelekea 60, na lori liko nyuma. Upande wa kuongeza tumeshauona: mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya McAfee walibandika kipande cha utepe mweusi kwenye kibao cha maili 35 nchini Marekani, wakarefusha mstari wa katikati wa namba 3, na kamera ya gari la Tesla la mwaka 2016 ikasoma 85. Gari likaanza kuongeza mwendo. Walifanya jaribio hilo kwa makusudi, lakini matope, kutu na matawi ya miti hayahitaji makusudi.

Kwa hiyo pa kubana ni wapi? Mimi nabana mwenye barabara. Serikali na halmashauri ndizo zinazoamua kikomo na kusimika kibao, na ndizo pekee zinazojua kwa hakika kilianza lini, mita ya ngapi, na kinaisha wapi. Mpaka leo, sehemu nyingi, kampuni za ramani hulazimika kupita na magari yenye kamera kukisia uamuzi ambao tayari umeandikwa kwenye karatasi ofisini. Sweden, Norway na Finland zina hazina za taifa za taarifa za barabara zenye vikomo vya mwendo ndani yake, kwa hiyo hakuna wa kusema haiwezekani. Umoja wa Ulaya wenyewe, katika agizo lake la 2023 kuhusu usafiri wa kidijitali, umeanza kuzitaka nchi wanachama zitoe taarifa muhimu za barabara kwa mfumo wa kidijitali, hatua kwa hatua. Tatizo ni mpangilio: sharti la mlio lilitangulia, sharti la taarifa likafuata nyuma. Dereva aliyenunua gari katikati ndiye anayelipa pengo hilo kwa masikio yake, kisha anaitwa mpenda mwendokasi.

Kwetu Afrika Mashariki mlio wa mwendo si mgeni. Abiria wa mabasi ya mikoani Tanzania wanaujua wa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unaolia dereva anapozidisha. Kifaa hicho kinaaminika kwa sababu swali lake ni moja: sheria inaweka 80 kwa magari yanayozidi kilo 3,500, umezidi au hujazidi. ISA inauliza swali gumu zaidi, kwamba hapa ulipo, saa hii, kikomo ni kipi.

Magari yenye swali hilo yanakuja. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, maana yake gari lililotengenezwa 2024 linaweza kushushwa Mombasa hadi kuelekea 2032. Anayeendesha gari la Japani ambalo redio yake ingali na ramani ya Japani anajua gari lililohama nchi linavyobaki na akili ya kwao. Hiyo ya redio haimdhuru mtu. Lakini gari la Uingereza lililopangwa kwa maili likikutana na kibao chetu cha 50 na kukichukua kuwa maili 50, litanyamaza mpaka dereva afike kilomita 80 kwa saa, katikati ya kijiji. Na penye vibao vilivyong'olewa kwenda kuuzwa chuma chakavu, kamera haitaona chochote.

Wasimamizi wa barabara, TANROADS na TARURA upande wa Tanzania, KeNHA, KURA na KeRRA upande wa Kenya, wanaweza kuanza sasa kuandika kila kikomo pamoja na mahali kinapoanzia na kuishia, na kuiweka orodha hiyo wazi kwa yeyote anayetengeneza ramani. Kazi hiyo haihitaji kusubiri magari yafike. Itamfaa hata trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo na dereva aliyesimamishwa, wanaobishana kila siku kama ile 50 ilikuwa imekwisha au bado.