Nimenunua maranda Ulaya, mama Tabora kacheka mpaka kakaa chini

Wadau habari za saa hizi. Mi ni mtoto wa Isevya, Tabora mjini, huu mwaka wa tisa niko kaskazini mwa Italia, kijiji cha milimani huko Trentino, na leo nataka niongelee jiko. Najua kuna watakaosema jamaa kakosa cha kuandika, sawa tu.

Nyumba tunayokaa ni ya wakwe zangu na tangu nimeoa tulikuwa tunaota moto wa kuni, jiko la chuma zito hilo limesimama sebuleni, bomba lake limepanda mpaka juu ya paa. Huku kijijini wenyeji wana haki ya kuni kwenye msitu wa kijiji, haki ya tangu mababu, bwana misitu anaweka alama kwenye miti na kaya inapewa fungu lake ikajikatie. Sasa kukata ndo kazi ndogo. Ukishakata unapasua, unapanga kando ya ukuta juu kumeezekwa pembeni upepo upite, halafu huzigusi!! Unasubiri mwaka, mara nyingi miwili, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Baba mkwe ana kidude cha sindano mbili anakichoma kwenye gogo kinamsomea asilimia ngapi, siku ya kwanza nilicheka sana, yani mzee anapima kuni homa. Siku hizi sicheki.

Mzee mgongo umeshakataa, mi nafanya shifti kiwandani, shoka lilikuwa linanisubiri mimi. Halafu na mikoa ya huku inabana majiko ya zamani kwa ajili ya moshi, majiko yanapewa nyota mpaka 5 na lenye nyota chache kuna maeneo huruhusiwi kuliwasha. Bas tukatoa la kuni tukaweka la peleti.

Peleti ni vijiti vifupi vya mviringo, unene milimita 6, ukiviona unaweza kudhani ni chakula cha sungura. Ni vumbi la mbao limekaushwa likashindiliwa na mashine kwa nguvu kubwa, hakuna gundi, joto la mashine linalainisha kitu kilichomo ndani ya mti wenyewe ndo kinagandisha. Mfuko ni kilo 15. Unamimina juu kwenye tangi la jiko, ndani kuna skrubu ndefu kama ile ya mashine ya kusagia nyama, inazunguka inadondosha punje chache chache kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, koili ya umeme inawasha, feni inasukuma moshi nje. Unaseti saa 11 alfajiri linawaka lenyewe we umelala. Majivu ya mfuko mzima ni kama kikombe cha chai.

Siku fundi kamaliza kufunga nikampigia mama video nimwonyeshe. Nikashika punje mkononi nikamwambia mama haya ni maranda ya mbao yameshindiliwa. Akakaa kimya. "Maranda? Mnanunua?" Nikamwambia ndio mama, euro 6 mfuko, karibu elfu 18 ya kwetu. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango, akamwita jirani yake aje asikie mwanangu kafika Ulaya ananunua maranda.

Na ana haki ya kucheka, maana mi nimekua kwenye maranda. Jumamosi tulikuwa tunatumwa na kiroba kwenye mashine ya mbao, wakati ule wanafurahi ukiwapunguzia takataka. Kwa watoto wa juzi: unachukua debe, unatoboa tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa ya soda katikati na nyingine unailaza kwenye tundu zikutane, unamwaga maranda kidogo kidogo unashindilia kwa mti wa mchi, kidogo unashindilia, mpaka juu. Halafu unazungusha chupa taratibu unaichomoa, na hapo ndo pa kupigwa, ukiivuta kwa haraka ukuta wote unaporomoka unaanza upya na mama kashapima unga. Likikaa vizuri unawasha kutokea chini na linapika maharage mpaka yanaiva hujachochea hata mara moja. Sa niambieni, hilo na langu la milioni kadhaa wazo lina tofauti gani? Kavu, limeshindiliwa, linaungua taratibu. Langu lina feni na rimoti.

Na hiyo feni ndo imeniumiza. Januari theluji iliangusha nguzo huko bondeni umeme ukakatika saa nne usiku, jiko likanyamaza, kile kilichokuwa kinaendelea kuungua ndani kikakosa wa kukisukuma, nyumba ikajaa harufu ya moshi tukafungua madirisha nje digrii 9 chini ya sifuri. Nimekaa na koti sebuleni nikajisemea kweli mi mtu wa Tabora, nimekimbia giza limenifuata na viza. La kuni lisingetufanya vile.

Kingine ambacho hakuna muuzaji atakwambia, juu ya jiko la peleti hupiki. Lile la zamani nilikuwa naweka sufuria ya maharage asubuhi, jioni yameiva bure, na ugali nilishasonga pale mama mkwe ananishangaa ila polenta yake si ni ugali tu. Hili jipya juu pana uvuguvugu wa kukaushia soksi. Na bei, dah. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza Ulaya ikafunga mbao za Urusi, mfuko ukapanda zaidi ya mara mbili, watu wakaanza kugombania peleti supamaketi kama sukari ya enzi zile.

Sasa hoja yangu iko hapa. Huku majirani zangu wamekimbia gesi sababu ya bei wamerudi kwenye mti, na hakuna anayewaita washamba. Nyumbani tuna mkakati wa nishati safi, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi siupingi, mama kakohoa moshi miaka arobaini, na ile misitu ya miyombo Sikonge na Urambo tumeimaliza kwa mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku mpaka wafuga nyuki wanalia. Lakini kwenye grupu la familia kila mtu kajikita kwenye gesi gesi gesi. Mtungi tulimnunulia, upo, umevalishwa kitambaa umekuwa stendi ya redio, kwa sababu ukiisha kuujaza ni elfu ishirini na kitu kwa mpigo na mkaa anapima wa buku. Hela ya mama inakuja kidogo kidogo.

Nimewaambia kabla ya gesi tumjengee jiko lenye bomba la moshi. Matofali ya kuchoma, bomba litokeze juu ya bati, na kibanda cha kuni zikae miezi sita ndo ziguswe. Mti hauna kosa jamani, sisi tunachoma kuni mbichi, juu ya mafiga matatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha halafu tunasema kuni mbaya. Hata huku wangefanya hivo wangekohoa. Kaka yangu mkubwa kanijibu ety mi naishi kwa wazungu nataka kumrudisha mama kwenye moshi. Nikamtumia picha ya bomba letu hapa, kasoma, hajajibu mpaka leo.

Mama mwenyewe bomba kalikubali. Ila kasema siku hizi maranda kwenye mashine yanauzwa, wamejanja, na kwamba ile chupa bado anayo juu ya kabati, Desemba nikija nishindilie mwenyewe aone kama mkono bado ninao.