Ulimi wako unamjenga nani?

Mithali 18:21 tunaijua kwa moyo: mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Lakini nikisikiliza tunavyoitumia, karibu kila mara ni kwa ajili yetu wenyewe. Natamka kupandishwa cheo. Nakataa umaskini. Napokea ndoa. Sipingi mtu kuzishika ahadi za Mungu na kuzitamka. Daudi naye alisema na nafsi yake katika Zaburi ya 103. Ila Biblia inapozungumzia ulimi, mara nyingi inamtazama mwingine, yule anayetusikia.

Fundisho hili la kutamka likipindishwa huzaa hofu. Mgonjwa anaulizwa hali, anajibu "mimi ni mzima kwa jina la Yesu" huku ameshika ubavu kwa maumivu, kwa kuwa ameambiwa akisema anaumwa atakuwa ameukiri ugonjwa. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Paulo naye hakuficha kwamba alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Inaniuma kuona mtu anakosa hata wa kumwombea kwa sababu amefundishwa kuficha.

Habari inayonifundisha zaidi kuhusu maneno ni ya Hana, katika 1 Samweli 1. Mwaka baada ya mwaka Penina, mke mwenzake, alimchokoza kwa kukosa mtoto, hadi Hana akawa analia na chakula hakipiti. Hakupigwa, alisemwa tu. Alipokwenda kuomba, midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akamdhania mlevi na kumwambia aachane na divai. Hebu fikiria: umetoka kusimangwa na mtu wa nyumbani mwako, unafika mbele za Mungu, na mtumishi wake anakuongezea. Lakini Hana alijieleza, na Eli akamsikiliza. Kisha kinywa kile kile kikamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli amjalie haja yake. Hana akaenda zake, akala, na uso wake haukukunjamana tena. Mimba ilikuwa bado. Kilichobadilika saa ile ni neno aliloambiwa.

Ndiyo maana naona kipimo chetu kiko nyumbani kuliko madhabahuni. Mtoto amemwaga maziwa, na mzazi aliyetoka kuomba muda si mrefu anamwita mjinga asiyefaa kitu. Mzazi atasahau kabla ya jioni. Mtoto hatasahau, na huenda akakua akiamini hivyo. Yakobo, katika waraka wake, alishangaa kinywa kimoja kutoa baraka na laana, na hakuwa anawaandikia wapagani.

Na kuna jambo tunalolivumilia mno katika vikundi vyetu vya maombi. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, ndoa yake ina shida, mume amehama." Maombi yanachukua dakika moja, maelezo nusu saa, na kesho yake dada huyo anakuta kanisa zima linamtazama. Huo ni umbea uliofungwa kwa amina. Waefeso 4:29 inataka neno la kumfaa mwenye kuhitaji, na dada huyu mwenye kuhitaji hakuwepo hata kulisikia. Kama kweli tunataka kumwombea, tumfuate yeye kwanza, tumuulize angependa tumwombee nini, na mengine tuyaache kwake.