Kompyuta zinazolala usiku

Nilipowasilisha pendekezo la utafiti wangu wa uzamili hapa Kampala, swali la kwanza kutoka kwenye jopo lilikuwa: "Una kompyuta ngapi?" Nikajibu, nane. Mhadhiri mmoja akaweka kalamu chini, akanishauri kwa upole nitafute mada nyingine, maana mifumo mikubwa ya kompyuta zinazogawana kazi huchunguzwa na wenye mifumo hiyo. Sikumchukia. Ila naamini kabisa kwamba swali lake lilipaswa kuja la pili. La kwanza ni hili: katika kazi yote inayofanywa na kompyuta hizo, ziwe nane au elfu nane, kiasi gani kinapotea bure?

Ninachochunguza hakina mzunguko. Kazi ikiizidi kompyuta moja, unaikata vipande, unavigawa kwa kompyuta nyingi, halafu unakusanya majibu. Taabu ni kwamba jibu halikamiliki mpaka kipande cha mwisho kirudi. Moja ikijikongoja, wenzake waliokwisha kumaliza wanakaa kuisubiri huku wanakula umeme.

Usiku mmoja saba kati ya nane zangu zilimaliza ndani ya dakika arobaini. Ya nane ikabaki. Haikuwa imezimika; kila nikiiita inaitika. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu kompyuta iliyokufa unaijua mara moja na kazi yake unampa mwenzake, lakini inayojikongoja inakuambia iko hai, na ni kweli iko hai. Nikaizima, nikafungua ubavu wake kwa bisibisi. Feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu, zito kama kipande cha blanketi, ni vumbi lile lile la murram linaloingia madirishani kila kiangazi. Joto likipanda, prosesa hujipunguzia kasi isije ikaungua. Nilisafisha kwa brashi ya rangi, nikaiwasha, ikaenda sawa na wenzake.

Jambo hili si la maskini peke yao. Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google, katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu MapReduce, mfumo wao wa kugawa kazi kwa kompyuta nyingi, wanaeleza jinsi diski yenye hitilafu inavyoweza kushuka kutoka kusoma megabaiti 30 kwa sekunde hadi megabaiti 1. Dawa yao ni kwamba kazi ikikaribia kuisha, vipande vilivyobaki wanapewa wengine pia, na itakayotangulia kumaliza ndiyo inayohesabiwa. Walipoiondoa dawa hiyo kwenye jaribio la kupanga data, muda uliongezeka kwa asilimia 44. Mbinu nzuri sana. Lakini ni kufanya kazi moja mara mbili. Mwenye maelfu ya kompyuta halisikii hilo. Mimi nikiiondoa moja ikarudie kazi ya mwenzake, nimetoa sehemu ya nane ya mali yangu yote. Ndiyo maana utafiti wangu unatafuta namna ya kuitambua inayojikongoja mapema, kwa kufuata joto lake na kasi ya diski yake, kabla sijalazimika kulipia mara mbili. Swali hilo linamuuma zaidi mwenye nane kuliko mwenye elfu nane, na anayeumwa ndiye anayelitazama kwa makini.

Wanaohesabu mashine ningewaomba wasome pia makala ya mwaka 2015 ya Frank McSherry, Michael Isard na Derek Murray. Walichukua data ya Twitter, wakafanya mizunguko 20 ya PageRank, hesabu ya kupima umuhimu wa kila mmoja kwa kuangalia wanaomwelekea, kwa programu iliyotumia kiini kimoja tu, yaani sehemu moja ya kufanyia hesabu, cha prosesa ya laptopu. Ikamaliza kwa sekunde 300. Mfumo wa GraphX, unaogawa hesabu kama hiyo kwa kompyuta nyingi, ukiwa na viini 128, ulikuwa umetumia sekunde 419. Mara ya kwanza nilipoona namba hizo nilisimama, nikatoka nje kutembea.

Hata hivyo jopo lilikuwa na hoja, na siwezi kuikwepa. Yako mambo yasiyoonekana mpaka mashine ziwe nyingi. Dean na Luiz Barroso walilionyesha hilo mwaka 2013: ikiwa kila seva huchelewa mara 1 katika 100, ombi linalosubiri majibu ya seva 100 litachelewa mara 63 katika 100. Kwa kompyuta zangu nane hesabu hiyohiyo haifiki hata mara 8 katika 100. Ugonjwa ni uleule, ila kwangu umejificha. Kwa hiyo nahitaji kompyuta zaidi.

Nazo zipo. Kila siku saa nne usiku askari wa jengo letu anapita na funguo. Ni mwanajeshi mstaafu kama baba yangu, nami nimekulia kambini, basi Kiswahili ndicho chetu.

"Mwanangu, muda umefika."

"Dakika kumi, mzee, nihifadhi kazi."

"Kumi tu."

Kisha anakwenda kwenye swichi kuu. Chumba kinachofuata kina kompyuta arobaini za wanafunzi wa shahada ya kwanza, na hakuna iliyoguswa tangu saa kumi na moja jioni. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilikuwa na mfumo wa Condor tangu mwaka 1988, unaozipa kazi kompyuta ambazo wenyewe wameziacha. Mwenye nayo akirudi akagusa kibodi, kazi inaondoka kumpisha. Ni karibu miaka arobaini sasa. Vyuo vyetu tayari vimeunganishwa kupitia RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Uganda, na chumba kimoja kikifanikiwa, vyumba vya vyuo viwili vinaweza kufanya kazi kama kimoja. Najua umeme unalipiwa. Lakini wateja wakubwa hapa Uganda hulipa bei inayobadilika kwa vipindi vya siku, na usiku wa manane ndio wa bei ya chini, wakati ambao sisi tumezima.

Barua nimeshaiandika na msimamizi wangu ametia sahihi. Ninaomba chumba kile kimoja, kompyuta arobaini, usiku saba, kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na mita ya kupima umeme ukutani ili chuo kione kila uniti iliyotumika na kazi iliyotoka humo. Feni nitazisafisha mwenyewe.